Gari jeusi na mchanga wa Malindi: tuoshe vipi bila kumaliza rangi?

Mwana wa Sabaki (mwanzilishi wa uzi)

Salaam aleikum jamaa, na mlio mbali habari za jioni.

Mwaka juzi nilichukua Axio nyeusi pale bandarini Mombasa, imetoka Japani na rangi yake ukiinamia waona mpaka mvi za ndevu. Ami yangu alipoiona aliuliza swali moja tu: "Nyeusi, Malindi?" Nikacheka. Sasa sicheki.

Wiki iliyopita niliingia kutia mafuta usiku, nikasimama chini ya ile taa nyeupe kali. Boneti yote imejaa utando wa buibui. Vikwaruzo vyembamba kama nywele, maelfu, vimeizunguka ile taa kwa duara kama santuri. Nikatia mate kidoleni nikasugua. Wapi. Kijana wa pampu alinitazama, akasema, "Kaka, huo si uchafu. Huko ni kuoshwa."

Nimelala na neno hilo siku tatu. Mimi gari langu laoshwa kila Ijumaa kabla ya swala, mahali pamoja, sijakosa wiki hata moja labda nikiwa safarini. Kumbe ndiko nilikokuwa nikilimalizia!

Ijumaa iliyofuata badala ya kukaa kwenye benchi na mahamri yangu nilisimama nikatazama. Kijana alirusha maji ya presha kama nusu dakika, juu juu. Akatia sponji kwenye ndoo ya sabuni ya unga, akaanza chini, kwenye madigadi na sehemu ya chini ya milango, ambako nilikuwa na matope mekundu ya barabara ya Marafa. Kisha sponji ile ile, bila kuisuuza, ikapanda kwenye boneti. Ikamponyoka ikaanguka kwenye mchanga. Akaiokota, akaikamua ndani ya ndoo ile ile, akaendelea na simulizi zake za mpira. Nikachungulia ndoo: maji yake ni mto Sabaki kabisa, ile Sabaki ya mvua za masika inapoitia bahari rangi ya chai. Mwisho likapanguswa kwa kipande cha fulana kuukuu. Nilikiomba kitambaa kile nikakipitisha nyuma ya mkono. Msasa.

Nimeuliza mafundi wawili wa bodi na nimesoma sana usiku. Nilichokipata ni hiki. Rangi ya gari si tabaka moja. Chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, halafu juu kabisa kuna tabaka linaloonyesha, ambalo mafundi wetu wanaliita klia. Ule mng'aro wote ni klia. Na unene wake ni kama maikroni 40 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wako. Ndiyo hiyo hiyo inayozuia jua lisichome rangi iliyo chini. Sasa kila punje ya mchanga ikiburutwa juu yake inachimba mtaro. Ukienda kupigisha kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, ili mitaro ipotee, haijazibwa: umeparuliwa klia mpaka chini ya mitaro. Na klia hairudi. Zile Probox mnazoziona zina mabaka meupe juu ya paa na boneti kama ukoga, nyingi ni klia iliyokwisha, jua likamalizia kazi.

Kwa hiyo mimi rai yangu ni kwamba tunabishana bure eti sabuni gani, shampuu gani, mashine au mkono. Swali ni moja: je, mchanga umetoka kabla ya kitu chochote kuigusa rangi? Njia inayojibu ndiyo ni njia nzuri, hata kama ni ndoo na kopo.

Nataka kuosha mwenyewe nyumbani. Nina mpira wa maji, kisima cha maji ya chumvi, na maji ya mfereji siku yanapojisikia kuja. Wenye uzoefu nisaidieni.

Tuktuk la Barani

Bwana wee, umenunua gari au umeoa? Mimi tuktuk yangu naimwagia ndoo moja asubuhi, nafuta na gunia, saa kumi na mbili niko stendi. Mwaka wa sita huu.

Mwana wa Sabaki

Na rangi yake ni ipi sasa?

Tuktuk la Barani

Hapo umenishika.

Aliyerudi Doha

Mwana wa Sabaki, mimi nimeosha magari Uarabuni miaka minne, magari ya watu wenye pesa zao, na ukikwaruza moja basi mshahara huna. Kwa hiyo nisikilize.

Kwanza jambo dogo: vile vikwaruzo si vya duara. Vimekwenda kila upande. Ila vile vinavyokatiza mwanga ndivyo vinavyourudisha machoni, kwa hiyo jicho laona duara kuizunguka taa. Sogeza taa, duara nalo lahama. Usimlaumu kijana kwa kusugua mzunguko tu, hata angesugua kwa mstari ulionyooka na sponji ile, ungekuwa vile vile. Kusugua kwa mstari kunasaidia kidogo, lakini sponji safi inasaidia sana.

Pili, utaratibu. Osha asubuhi mapema au jioni, kivulini, bodi ikiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti. Ukiutoa kwa joto, ngoja. Jua la Malindi likikausha sabuni juu ya rangi umejitafutia kazi ya pili.

Anza na magurudumu, kwa ndoo yake na brashi yake, visivyogusa bodi hata siku moja. Vumbi la breki lina chembe za chuma ndani yake. Maliza huko kwanza, usije ukamaliza bodi halafu ukarushia uchafu wa rimu juu ya mlango safi.

Halafu maji. Mengi, kutoka juu kwenda chini, na muda, si nusu dakika. Kama una povu la kupulizia, paka gari lote, liache dakika nne tano lilegeze matope, lisikaukie, kisha suuza tena. Mpaka hapo hakuna mkono uliogusa rangi, na uchafu mwingi ushashuka. Hii ndiyo sehemu watu wanayoiruka kwa sababu haionekani kama kazi.

Ndipo unaingia na ndoo mbili. Moja ina shampuu ya gari, nyingine maji matupu. Glavu ya maikrofaiba, si sponji. Sponji ina uso bapa, punje ikinasa imekaa pale pale kati yake na rangi, lakini nyuzi za glavu zinaimeza ndani. Chovya kwenye shampuu, osha paneli moja, nenda kwenye maji matupu uisuuze glavu, kisha rudi kwenye shampuu. Paa kwanza, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango. Chini kabisa mwisho. Ukimaliza tazama ndoo ya maji matupu: ule mchanga ulioko chini ndio uliokuwa ukirudishwa kwenye gari lako kila Ijumaa.

Kukausha, taulo kubwa ya maikrofaiba. Ilaze juu ya paneli, ipapase, ivute polepole. Usikandamize.

Chumbageni

Salamu kutoka Tanga wakuu. Uzi mzuri. Naongeza: taulo hizo zikifuliwa pamoja na nguo za pamba zinabeba nyuzi zake, na ukitia dawa ya kulainisha nguo zinaacha kunyonya. Zifue peke yake. Na ikianguka chini, hata mara moja, imestaafu. Yangu iliyostaafu inafutia rimu.

Swali kwa mkuu wa Doha: kuna zile mashine za brashi zinazozunguka, gari linaingia upande huu linatokea kule. Mnazionaje?

Aliyerudi Doha

Brashi inayoosha gari lako imetoka kuosha pikapu iliyotoka jangwani. Jibu ndilo hilo. Zile zisizogusa, za maji na dawa tu, zina nafuu kwa mikwaruzo, ingawa dawa zake ni kali na zinakula nta inayokinga rangi.

Mama Probox

Naomba kuuliza, msinicheke. Mimi nasafirisha mboga, gari linalala nje chini ya mwarobaini, na kunguru wa mtaa huu wamelifanya choo. Nikifuta asubuhi pabaki alama nyeupe haitoki tena. Imeingia ndani. Na je, sabuni ya vyombo ina ubaya?

Aliyerudi Doha

Dada, kinyesi cha ndege kina asidi, na kikikaukia juani kinaila klia. Mchana klia inapata moto inatanuka, jioni inapoa inajikunja, na umbo la kile kinyesi linabaki limechorwa. Kwa hiyo ni mbio. Weka chupa ya maji na karatasi ya chooni garini. Lowesha, laza karatasi iliyolowa juu yake dakika tano, kisha inua kama unavyookota kitu. Usisugue, humo mna mbegu na vijiwe.

Sabuni ya vyombo haili rangi kwa siku moja. Kazi yake ni kukata mafuta, na nta ya gari kwake ni mafuta. Ukiitumia kila wiki gari halina kinga. Sabuni ya unga ni kali zaidi, na punje zake zisipoyeyuka vizuri ni mchanga wa pili.

Mwana wa Sabaki

Dada, kunguru hao hata si wenyeji. Walioletwa ni hawa wa India, waliingizwa Unguja karne ya 19 ili wale taka za mji, wakapanda pwani yote mpaka huku kwetu. Sasa taka wanakula na rangi wanakula.

Punda wa Amu

Sisi huku Amu, yaani Lamu, twawatazama tu. Punda wangu nampeleka pwani, naingia naye ndani ya mai, akitoka ang'aa. Punda hana klia.

Lakini niseme la kweli, nina gari, naliacha Mokowe nikivuka. Nikikaa Amu wiki mbili nalikuta limevaa kanzu ya vumbi, juu yake umande wenye chumvi. Mara ya kwanza nilitoa kanga ya mke wangu nikafuta kioo nipate kuona ndiya. Kanga ilitokwa machozi, na mke pia.

Mwana wa Sabaki

Hahaha. Hapo umegusa swali langu la chumvi. Mimi naishi upande wa Casuarina, kusi ikivuma asubuhi nakuta gari zima linanata. Na kisima changu ukionja, ni mchuzi.

Aliyerudi Doha

Chumvi haina ukaidi, yayeyuka kwa maji. Shida ni mtu anayeipangusa ikiwa kavu. Chembe zile ni ngumu kuliko unavyodhani, na vumbi limeshika humo humo. Wakati wa kusi mwagia gari maji kila baada ya siku mbili tatu, hata bila sabuni, na usisahau chini: matao ya magurudumu, kingo za milango, chesisi. Rangi yapendeza macho lakini gari hufia chini.

Maji ya kisima kile usiyatumie kumalizia. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya tumbawe, maji yake yana chokaa, na vya karibu na bahari vina chumvi juu ya chokaa. Yakikauka juu ya gari maji yanaondoka, chokaa inabaki, na ndiyo yale madoa meupe ya mviringo. Kama huna budi, tumia kisima kulegeza matope mwanzoni, halafu malizia kwa mitungi miwili ya maji ya mfereji. Au kinga mvua kwenye pipa. Maji ya mvua hayana chokaa, hakuna ya kumalizia gari yanayoyashinda, na ni bure.

Madoa mapya yanatoka kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kivulini, kisha suuza vizuri na upake nta tena maana siki imeiondoa.

Kijana wa Presha

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi ndiye mnayemsema. Si yule wa kaka Mwana wa Sabaki, lakini naosha magari hapa Malindi mwaka wa tisa.

Yote mliyosema kweli. Ndoo mbili nazijua. Nta naijua. Sasa nipigieni hesabu: mteja ananipa mia mbili. Ndani ya mia mbili kuna maji ya bauza, lile lori la maji, kwa sababu mfereji haukuja, kuna petroli ya mashine, kuna mwenye kiwanja, kuna sabuni. Na anakaa pale anatazama saa. Nikimwambia dakika arubaini anaondoka kwa jirani anayemaliza kwa kumi na tano. Mkitaka mwosho wa Doha, leteni bei ya Doha, au hata nusu yake.

Na kuna wanaotaka vibaya wenyewe. Mtu aniambia, "Nisogezee presha karibu, toa hilo tope." Namwambia bomba likiwa chini ya futi moja nitang'oa rangi pale ambapo kokoto zimeshatoboa. Anasema mimi ni mvivu. Mwengine ataka nipulize dizeli chini ya gari ling'ae. Dizeli inakula mipira, na vumbi lote la njiani linaganda pale. Lakini akitoka laonekana jeusi zuri, afurahi.

Sasa kaka Mwana wa Sabaki, naomba nikuulize moja kwa heshima. Umesema gari laoshwa Ijumaa. Jumamosi mpaka Alhamisi, asubuhi kabla ya kwenda kazini, wewe unalifanya nini?

Mwana wa Sabaki

Napangusa vumbi tu.

Kijana wa Presha

Na nini?

Mwana wa Sabaki

Dasta ya manjano.

Kijana wa Presha

Kavu?

Mwana wa Sabaki

Kavu.

Tuktuk la Barani

Subhanallah 😂

Kijana wa Presha

Basi kaka, sisi tunalikwaruza mara moja kwa wiki, tena likiwa na maji na sabuni ya kulainisha. Wewe mara sita, kavu, na chumvi ya kusi juu yake. Kwa miaka miwili hiyo ni zaidi ya mara mia sita. Sitetei kosa la yule kijana, sponji iliyoanguka haiokotwi. Lakini utando wa buibui ule mmeufuma wawili.

Mama Probox

Jamani mimi pia napangusa kila asubuhi. Mungu wangu.

Mwana wa Sabaki

Nimetoka nje na tochi kutazama. Pale juu ya boneti upande wa dereva, ninaposimama kila asubuhi, ndipo palipokwaruzika kuliko kote. Upande wa abiria, ukutani, mkono wangu haufiki, pana afadhali. Kijana wa Presha, nimekubali. Radhi.

Lakini vumbi nilifanyeje? Siwezi kwenda kazini na gari kama kiazi.

Aliyerudi Doha

Vumbi jembamba lina njia yake, na ndiyo tuliyoitumia kule ambako maji ni ghali. Kuna dawa unatia kidogo kwenye ndoo ya maji, haina povu na haihitaji kusuuzwa, ina vitu vya kuteleza vinavyoifunika punje isikwaruze. Unalowesha paneli kwa chupa ya kupulizia, unapitisha taulo iliyolowa chepechepe mara moja, unageuza upande safi. Taulo moja ina pande nane ukiikunja vizuri. Ndoo moja gari zima. Lakini ni kwa vumbi tu! Ukitoka Marafa au umepita njia ya lango la Sala la Tsavo na tope, rudi kwenye maji mengi.

Na paka nta. Ile ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya jamaa ya mnazi wa Brazili, hapa kwenye jua letu itakaa wiki kadhaa. Zile za maabara zinakaa miezi. Gari lenye nta vumbi halishiki sana, maji yanajikunja shanga shanga na kuteremka yenyewe. Maji yakianza kutandaa kama kwenye sahani chafu, nta imekwisha.

Chumbageni

Mkuu, ujanja wa kujua kama rangi ni safi kweli kabla ya nta: gari likishaoshwa, vaa karatasi ya mkate mkononi upapase boneti. Utasikia vijipele ambavyo kidole kitupu hakivisikii. (Zamani tulitumia mifuko, kwenu Kenya naona iliharamishwa tangu 2017, basi mkate.) Ukisikia vijipele kuna udongo maalumu wa kuvitoa, unautelezesha na maji ya shampuu. Ukianguka chini, tupa.

Mwana wa Sabaki

Na huu utando nilio nao? Nipige kompaundi au niache?

Aliyerudi Doha

Pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, hapo ni ndani, usiguse, utaila klia bure. Usiponasa, polishi nyepesi mara moja kwa fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, halafu nta, halafu usirudi tena. Wale wanaopigisha kompaundi kila Idi wanajua wenyewe. Lakini badili kuosha kwanza. Ukipolishi leo na kesho ukatoka na dasta, umemlipa fundi akuandalie ubao mpya wa kuchora.

Mwana wa Sabaki (wiki tatu baadaye)

Nimerudi kutoa habari. Dasta nimempa mke wangu afutie kabati. Ndoo mbili nimenunua, glavu nimeagiza Mombasa, pipa la mvua liko chini ya paa ingawa mvua yenyewe imekataa. Jumamosi niliosha mwenyewe. Saa moja na nusu, mgongo waniuma mpaka leo, na nikagundua nimesahau kabisa nyuma ya kioo cha pembeni.

Ile ndoo ya maji matupu, nilipoimwaga, chini palibaki mchanga wa kujaza kijiko cha chai. Mwekundu. Gari lilikuwa linaonekana safi kabla sijaanza.

Kijana wa Presha, mimi Ijumaa zote siwezi. Nikija na ndoo zangu, glavu yangu na taulo zangu, nikakupa mia tano na nisitazame saa, utaniosheaje?

Kijana wa Presha

Njoo saa kumi na mbili na nusu kabla jua halijapanda ukuta. Na mitungi miwili ya mfereji uje nayo, huku kwetu haujatoka tangu Jumanne.

Tuktuk la Barani

Ile glavu Mombasa ni pesa ngapi? Nauliza tu.